Taa Tuliyoifunika

Twawasalimu kutoka Matete, kaskazini mwa Kakamega, ambako mvua ndefu zimekwisha kuanza na mahindi yamefika magotini. Ninyi mlio jikoni, endeleeni na kazi zenu huku mkisikiliza. Na ninyi mlio njiani, ndani ya gari, leo twaomba masikio yenu zaidi kidogo, maana habari yetu ni habari ya gari.

Parishi yetu ina pikapu moja, Toyota Hilux ya dizeli, ya siku nyingi. Haikununuliwa na kasisi. Ilinunuliwa na Wakristo kwa harambee: huyu alileta gunia la mahindi, yule jogoo, mwingine fedha za miwa alizozingoja mpaka akachoka. Kwa hiyo kila mtu hapa kwetu anayo haki ya kuipiga kofi ubavuni na kusema, "Hii ni yetu." Hubeba kwaya. Hubeba mabati na saruji. Hubeba jeneza na wafiwa pamoja. Na usiku, wakati bodaboda haifai kwa mgonjwa aliyelala, hubeba watu kwenda hospitali Webuye. Barabara zetu mnazijua. Trekta za miwa zikishapita wakati wa mvua, huwezi kusema hapa ni njia na hapa ni mtaro.

Sasa, katika dashibodi ya pikapu hiyo kuna taa ndogo yenye herufi T-BELT. Katika magari mengi ya dizeli ya aina hiyo, taa hiyo huwaka gari linapotimiza kilomita 100,000, kumwambia mwenyewe kwamba mkanda ulio mbele ya injini umefanya kazi yake na sasa ubadilishwe. Haisemi kwamba mkanda umekatika. Siku unapokatika, hakuna taa inayowahi kukuambia.

Taa hiyo iliwaka, nasi tukaiona. Tukaliambia baraza la kanisa kwamba gari linahitaji matengenezo. Wazee hawakusita, mweka hazina akatupa fedha za mkanda, za sili na za fundi, nasi tukatia sahihi. Wiki ile ile ikaja barua kutoka shule ya binti yetu: asirudi bila karo. Tulisema moyoni, karo kwanza, fedha za kanisa tutazirudisha mwezi ujao. Ndugu msikilizaji, wewe unajua "mwezi ujao" ulivyo mrefu. Ulipofika, paa lilivuja. Uliofuata, mama yetu mzazi alilazwa. Na kila usiku tulipowasha gari, ile taa ilikuwa pale pale, ikitutazama.

Basi tukachukua kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi wa umeme, tukaibandika.

Tunaposema "tulibandika", tusije tukajificha nyuma ya wingi. Ni desturi yetu katika mazungumzo haya kusema "sisi", lakini mkono uliobandika utepe ni mmoja, nao ndio huu unaoshika karatasi hii.

Gari liliendelea kwenda, mwaka mzima na zaidi. Hilo ndilo jambo gumu kuhusu mkanda huo: haupigi kelele. Gurudumu lenye tundu hukaa chini kila mtu akaona. Breki zilizokwisha hulia. Mkanda wa feni ukilegea hulia kama mtoto wa mbuzi. Lakini huu umefunikwa ndani ya kifuniko chake, nao hufanya kazi sawasawa mpaka dakika ile usipofanya kazi tena.

Tuueleze kidogo, kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuuona. Ndani ya injini mna pistoni zinazopanda na kushuka. Juu yake ziko valvu, ambazo ni mfano wa milango midogo, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Pistoni huzungusha chuma cha chini kiitwacho krankishafti. Valvu hufunguliwa na chuma cha juu kiitwacho kamshafti. Cha chini kikizunguka mara mbili, cha juu sharti kizunguke mara moja, wala si zaidi wala si pungufu. Kinachoviunganisha ni huo mkanda wenye meno. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 20 katika sekunde moja, ambao ni muda wa kutamka "Amina" bila haraka. Na pistoni na valvu hutumia chumba kimoja kwa zamu. Pistoni ikija juu, valvu iwe imekwisha kuondoka njiani.

Sasa katika injini ya dizeli chumba hicho ni kifinyu sana, maana dizeli haiwashwi kwa cheche. Huwaka kwa sababu hewa imebanwa mpaka ikawa moto. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama papo hapo huku valvu nyingine zikiwa wazi, na krankishafti ingali inazunguka kwa mwendo wa gari. Pistoni hupanda na kukuta mlango haujafungwa. Valvu hupinda, na pengine kichwa chote cha injini huharibika. Na katika injini kama yetu mkanda huo huo huzungusha na pampu ya dizeli, kwa hiyo gari huzima hapo hapo. Usukani huwa mzito, na breki nazo huwa ngumu mguuni baada ya kukanyagwa mara moja mbili. Fikirini jambo hilo likitokea usiku, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, mvua inanyesha, na nyuma kuna mama mwenye uchungu.

Si magari yote yaliyo hivi. Injini nyingine za petroli zimeachiwa nafasi, mkanda ukikatika gari husimama tu bila kuumia. Nyingine hazina mkanda bali zina mnyororo. Probox nyingi zinazowabeba kwenda sokoni ni za mnyororo. Kwa hiyo usimtishe jirani yako kabla hujajua injini yake ni ipi. Lakini kama gari lako lina mkanda, na ulilinunua likiwa limetumika, na aliyekuuzia hana karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, uhesabu kwamba haukubadilishwa. Saa ya kilomita hurudishwa nyuma. Taa nayo huzimwa bila mkanda kuguswa. Wengine huibandika utepe.

Akina mama wenye cherehani watapenda kusikia kwamba mikanda ya meno haikuanzia kwenye magari. Ilianza katika miaka ya 1940, kwa ajili ya kuifanya sindano ya cherehani ya Singer iende pamoja na bobini yake ya chini. Sindano ikichelewa kidogo, uzi haukamatwi. Ni mwaka 1962 ndipo gari la Kijerumani lililoitwa Glas 1004 lilipotoka likiwa na mkanda kama huo kwenye injini, na baada yake wengine wengi wakafuata, kwa kuwa ni mwepesi, hauna kelele, tena hautaki oili.

Hautaki oili kabisa. Na hapo ndipo sili zinapoingia. Tutazifikia.

Siku moja kijana wetu, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa akifuta vumbi kwenye dashibodi. Akauona ule utepe, akadhani ni uchafu, akaung'oa kwa ukucha. Kisha akawasha ufunguo. "Baba, hii taa inasema nini?"

Tulimwambia ni taa ya zamani, imeharibika.

Ndugu zangu, uwongo ule ulitoka kinywani upesi kuliko sala. Kijana akasema, "Ndiyo, Baba," akaubandika utepe mahali pake kwa uangalifu, akaupiga pasi kwa kidole gumba ili usibanduke. Tulisimama pale tukimtazama. Tulikuwa tumemwonyesha jambo, naye alikuwa amelishika vizuri kuliko Katekisimu.

Jumapili iliyofuata somo lilikuwa la Nathani mbele ya mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Hatukulichagua sisi, lilikuwa kwenye kalenda ya masomo. Tulipokuwa katika chuo cha theolojia tulifundishwa jinsi ya kulifafanua somo hilo: mfano wa mwana-kondoo, hasira ya mfalme, kisha kidole cha nabii. Tulilihubiri vizuri. Watu walitikisa vichwa. Baada ya ibada mzee mmoja alitushika mkono akasema, "Leo, Pasta, umewapata." Hatukumwuliza amepatikana nani.

Jumanne baraza lilikutana. Baada ya maombi ya kufungua tulisimama tukasema yote: fedha, karo, taa, utepe. Tulikuwa tumeyaandika maneno mazuri kwenye karatasi, lakini hatukuyasoma. Mweka hazina alitazama daftari lake wala hakuinua macho. Mzee mmoja akasema kwamba karo ni karo, na kila mzazi anaelewa. Mwingine akasema fedha zirudishwe kwa miezi sita, tena tangu sasa asitie sahihi mtu mmoja peke yake. Tulikubali, na tulianza kupumua.

Ndipo mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, ambaye vijana wote humwita Kukhu, akainua mkono.

"Pasta, mimi nina swali moja tu. Ule usiku ulipombeba binti yangu kwenda kujifungua, utepe ulikuwapo?"

"Ulikuwapo, Mama."

"Na wewe ulijua."

Tulijibu kwamba tulijua. Akaitikia kwa kichwa, akakaa, akaweka mkoba wake magotini. Hakusema neno jingine mpaka maombi ya kufunga, na katika maombi hayo hatukuisikia sauti yake.

Mwenzangu msikilizaji, huenda wasema: kwani kulitokea nini? Hakuna kilichotokea. Gari lilifika Webuye, mtoto alizaliwa, leo anatambaa na kula udongo kama watoto wote. Nasi tulijiambia hivyo usiku ule tulipokosa usingizi. Lakini kila tuliporudia maneno hayo yalizidi kuwa mepesi. Mtu aliyemtumia mwenzake kama rehani hawezi kusema hakukosa eti kwa kuwa deni lililipika. Tulikuwa tumeweka juu ya meza kitu kisicho chetu, yaani binti wa mtu na mtoto aliye tumboni, nasi hatukumwuliza mwenyewe.

Basi kazi ilipaswa kufanywa, na fedha za fundi hazikuwapo, maana zilizobaki zilitosha mkanda na sili tu. Kijana mmoja wa parishi anayefanya kazi Nairobi alizitafuta Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Grogan, mahali ambapo vipuri vya kila gari hupatikana, vya kweli na vya bandia vikikaa rafu moja. Tulimwomba apige picha ya maandishi ya mkanda kabla ya kulipa. Akavituma kwa basi.

Na hapa Mungu alituonea huruma kwa njia ya mzee mmoja kutoka upande wa Lwandeti, aliyetengeneza matrekta na malori kwa miaka mingi. Tulimwendea. Akasikiliza, akasema, "Mikono yangu inatetemeka, siwezi kushika spana. Lakini macho ninayo. Wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa macho. Na huyo kijana wako aje." Tulimwuliza atataka nini. Akasema chai yenye maziwa.

Tulianza Jumatatu asubuhi, ambayo ni siku ya mapumziko ya makasisi, chini ya mparachichi ulio nyuma ya nyumba. Tulifunga turubai kwenye matawi kwa ajili ya mvua. Injini ilikuwa baridi tangu jana. Tulitoa waya wa betri, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Maji ya radieta tulikinga kwenye beseni tukalifunika, kwa sababu dawa inayotiwa humo ni tamu, nayo huua mbwa na kuku. Kisha feni, mikanda ya nje, na puli.

Bolti ya puli ya krankishafti ilitushinda kutwa nzima ya asubuhi. Tulitia gari gia ya tano, kijana akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, nasi tukaning'inia kwenye bomba refu tulilolichomeka kwenye mpini wa spana. Haikutikisika. Mzee akasema tuache, tunywe chai, tuipake oili nyembamba, tusubiri. Saa saba mchana ilifunguka kwa mlio mmoja, nasi tukaanguka kwenye matope kwa suti yetu ya kazi. Kijana alicheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu siku ile ya utepe.

Kabla ya kufungua kifuniko mzee alitukataza kugusa chochote. "Usifungue kitu ambacho hujakiwekea alama." Kila puli ina alama yake, na mwili wa injini una alama yake. Tuliizungusha injini kwa mkono, kufuata mwendo wake, mpaka alama za puli zikakutana na zile za mwili. Kisha tukazipaka rangi nyeupe ili macho ya mtu aliyechoka yaweze kuziona.

Tulipoutoa mkanda wa zamani tulinyamaza. Ulikuwa umelowa oili upande mmoja, laini kama utumbo. Tulipoukunja kidogo, mgongo wake ulifungua nyufa. Meno mawili yalikuwa yamepasuka shinani. Moja lilishikwa na nyuzi tu. Mzee aliliweka jino hilo kati ya vidole vyake akamwita kijana. "Tazama, mjukuu wangu. Hili lilikuwa linakungoja." Hakututazama sisi.

Oili ilitoka wapi? Kila chuma kinachozunguka na kutokeza nje ya injini hufungwa na pete ya mpira iitwayo sili. Ina mdomo mwembamba unaogusa chuma, na nyuma ya mdomo mna springi ndogo kama mkufu wa mtoto, inayoubana usiachie. Miaka ikipita, joto huugeuza mdomo ule kuwa mgumu kama ukucha, na oili huanza kupita. Tone moja, tone moja. Na oili, ambayo ndani ya injini ni uhai, ikimwagika juu ya mpira wa mkanda ni sumu. Tulipokuwa vijana tulizoea kuhubiri habari za wanawali kumi kana kwamba shida ya mafuta ni kupungua tu. Chini ya mparachichi tuliona kwamba kuna na mafuta yaliyo mahali pasipo pake.

Ndiyo sababu mafundi wazuri hawabadilishi mkanda na kuacha sili. Kazi ya kufika pale ni ile ile. Mkanda mpya kwenye sili kuukuu utaharibika kabla ya wakati wake, nawe utadhani umeuziwa bandia.

Sili ya zamani hutolewa kwa adabu. Mzee alituambia tukate mdomo wake kwa kisu kwanza, ndipo tuitoe kwa bisibisi ambayo ncha yake imefungwa utepe, ili tusikwaruze chuma. Tukatafuta utepe. Nyumbani mlikuwa na kibunda kimoja tu, kile kile cheusi. Kijana ndiye aliyekileta. Alikinyosha mkononi mwetu bila kusema kitu, nasi tukakipokea bila kusema kitu.

Mkwaruzo mmoja juu ya chuma kile ni njia ya oili mpaka mwisho wa maisha ya gari. Kisha mahali pake pafutwe pakauke, mdomo wa sili mpya upakwe grisi, mdomo huo utazame ndani kwenye oili, nayo igongwe polepole pande zote, kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo, isiingie upande. Tulifanya ya krankishafti, tukafanya ya kamshafti. Ya pili iliingia upande, tukaiharibu. Ilibidi mtu aende Webuye kwa bodaboda kununua nyingine, na siku ikaisha.

Jumanne tuliweka mkanda. Mkanda mpya haukunjwi kwa nguvu wala kupinduliwa, maana ndani ya mpira mna nyuzi za kioo, nazo huvunjika bila wewe kuona. Tuliuvika kwenye puli moja baada ya nyingine, tukaachia kile kigurudumu cha kuukaza, kwa springi yake. Alama zote zilikutana. Tulifurahi sana. Wingu lilikuwa limesimama juu ya vilima vya Webuye, na saa kumi na moja tulikuwa na mazishi ya kupanga.

Mzee akasema, "Sasa zungusha kwa mkono. Mizunguko miwili kamili."

Tukazungusha. Mara mbili za krankishafti, mara moja ya kamshafti. Alama ya chini ilirudi mahali pake. Ya juu haikurudi. Ilikuwa imepita jino moja.

Jino moja, msikilizaji. Halizidi upana wa punje ya hindi. Tulimwambia mzee kwamba labda ni macho, labda ni mahali tunaposimama. Tukamwambia gari litawaka. Naye alikubali kwamba huenda litawaka. Litawaka kwa shida asubuhi, litatoa moshi, halitakuwa na nguvu mlimani, na huenda valvu zisiguse. "Huenda," alisema. Kisha akavuta mtungi wa maji uliokuwa tupu, akaugeuza chini juu, akakaa juu yake, akafunga vifungo vya koti. Matone ya kwanza yalianza kupiga turubai. Hakusema tufungue wala tusifungue. Alikaa tu kama mtu asiye na pa kwenda.

Kijana alikuwa ameshika tochi. Hakuimulika injini, alitumulika sisi.

Tukafungua. Kosa lilikuwa hili: tulipouvika mkanda tuliacha ulegevu upande usio wake. Upande ule ambao krankishafti huuvuta ni lazima uwe umenyooka tangu mwanzo, na ulegevu wote ubaki upande wa kile kigurudumu, ambacho kazi yake ni kuumeza. Tulivika tena, tukavuta, tukaachia, tukazungusha mara mbili. Zikakutana. Mzee akasema tena. Tukazungusha mara mbili nyingine. Zikakutana. Ndipo tukakaza. Watu wa mazishi walingoja. Tuliwaeleza sababu, wakaelewa.

Mhubiri, katika sura yake ya tatu, aliyataja majira kwa jozi, jozi 14, moja ya kujenga na moja ya kubomoa, moja ya kunyamaza na moja ya kunena. Zamani tulidhani anatufariji tu, kwamba kila jambo litafika lenyewe. Siku hizi tunafikiri kwamba jozi zile haziwezi kukaa chumba kimoja kwa wakati mmoja, na kwamba tulikuwa tumenyamaza katika majira ya kunena.

Wale mtakaotaka kufanya kazi hii nyumbani, hatuwakatazi, lakini msiifanye bila mtu mwenye macho. Nao wale mliokwisha kufika umri wa mikono kutetemeka, mjue kwamba bado mnatakiwa.

Jumatano asubuhi injini iliwaka kwa mara ya kwanza, tukailaza gazeti chini yake kwa saa nzima. Gazeti lilibaki kavu. Tulirudisha hesabu ya ile taa, kilomita tukaziandika katika daftari ambalo baraza liliagiza likae ndani ya gari, penye macho ya kila anayepanda. Vile vipande viwili vya utepe kijana alivitia motoni jikoni. Vikanuka nyumba nzima, na mama yake akamgombeza.

Wiki mbili baadaye Kukhu alihitaji kwenda Webuye kupimwa presha. Alikuja na kiti chake kidogo cha kukalia foleni, akasimama kando ya mlango wa mbele. Tulimfungulia. Hakupanda.

"Washa ufunguo kwanza," alisema. "Usiwashe injini."

Tukawasha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka. Akainama, akazitazama moja moja, akanyosha kidole akaigusa ile ya T-BELT kwa ukucha, kama mtu anayetafuta ukingo wa utepe. Kisha akatuambia tuwashe injini, akangoja mpaka zikazima.

"Haya," akasema, akapandisha kiti chake. "Twende polepole."